Uzito wa Chembe

Kila sifa njema ni ya Allah Subhaanahu Wataala, aliyeumba mbingu na ardhi kwa haki, naye akakijua kila kidogo kabla hatujakipa jina. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Amma baad.



Hakuna kati yetu asiyeihifadhi Suratuz-Zalzala. Tulifundishwa madrasa tukiwa hatujajua hata kufunga kanzu vizuri. Aya zake mbili za mwisho zinazungumzia wema na uovu wenye uzito wa dharra, na kwamba mtu atavikuta vyote viwili vinamsubiri. Wafasiri walipoieleza dharra, baadhi walisema ni sisimizi mdogo kabisa, na wengine wakasema ni yale mavumbi yanayoonekana yakielea jua linapopenya dirishani. Sisi tunaisoma sura hii mbio mbio katika rakaa ya pili kwa sababu ni fupi, kisha tunatoka msikitini na kuishi kana kwamba vitu vidogo havina uzito.

Leo nataka tuyafuate mavumbi hayo ya dirishani mpaka mbali sana, kwenye ncha mbili za dunia. Huko wanasayansi wameyakuta yakishiriki kuamua wingu liwe jeupe kiasi gani, na kwa njia hiyo kuamua kama bahari na barafu iliyo chini yake itapoa au itapata joto.

Tuanze na wingu lenyewe. Mvuke ulioko hewani haugeuki tone kirahisi. Unahitaji mahali pa kushika. Mskoti mmoja, John Aitken, alilionyesha jambo hilo katika karne ya 19: hewa aliyoichuja ikawa safi haikutoa ukungu hata ilipokuwa imejaa mvuke, lakini alipoingiza hewa yenye vumbi, chombo kikajaa ukungu palepale. Mahali pa kushika ndiyo chembe. Huenda ikawa chumvi iliyorushwa na mawimbi, vumbi la jangwani, masizi ya moto, salfa ya viwandani, au gesi za viumbe vya baharini zilizogandamana. Nyingi ya chembe hizi zina upana wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Juu ya kila moja linajengeka tone dogo la wingu, na huchukua matone kama hayo kiasi cha milioni moja kupata tone moja la mvua.

Najua wapo miongoni mwetu ambao hapo tayari wamekimbilia aya ya 22 ya Suratul-Hijr, inayozitaja pepo kuwa ni zenye kupandisha, na wataniambia: hizo ndizo chembe, Qur'ani iliwatangulia wazungu. Ndugu yangu, pole pole. Wafasiri wa zamani waliifahamu aya hiyo kwa miti na kwa mawingu pia, na maana hiyo inapendeza. Lakini sipendi tabia ya kuifunga aya kwenye karatasi ya utafiti, maana karatasi hurekebishwa, na siku itakaporekebishwa yupo kijana atakayedhani kilichotikisika ni Kitabu cha Allah. Tumeamrishwa kuyatazama mawingu na kuzingatia. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kuyasoma.

Tuendelee. Katika miaka ya 1970, Sean Twomey, mtaalamu wa fizikia ya mawingu, alieleza jambo ambalo kila anayepita sokoni kwa wauza samaki anaweza kulielewa. Pande la barafu pale mezani ni la rangi ya maji, unakaribia kuona upande wa pili. Likipondwa likawa chenga, linakuwa jeupe pee. Maji ni yaleyale, ila nyuso za kurudisha mwanga zimeongezeka. Wingu nalo hivyo hivyo. Kiasi kilekile cha maji kikigawanywa katika matone mara nane zaidi, kila tone linabaki na nusu ya upana wake wa mwanzo, lakini jumla ya nyuso zao inakuwa maradufu. Chembe zikiwa nyingi, matone yanakuwa mengi na madogo, wingu linakuwa jeupe zaidi na kurudisha mwanga mwingi zaidi wa jua angani.

Sasa nenda katikati ya Bahari ya Aktiki, majira ya joto, mbali na nchi kavu yoyote. Mwaka 2008 meli ya Sweden ya kuvunja barafu, iitwayo Oden, ilijifunga kwenye pande kubwa la barafu na kwenda nalo lilivyoelea, huku watafiti wakipima hewa. Walikuta nyakati ambapo chembe zenye uwezo wa kubeba matone hazikufika hata 10 katika sentimita moja ya ujazo, na nyakati nyingine hazikufika hata moja. Hewa ya jiji lenye magari ina maelfu. Kwa hiyo juu ya barafu ile mvuke unaweza kuwepo, baridi ikawepo, na wingu likabaki jepesi au likayeyuka, kwa kuwa vinakosekana vile vidogo vya kushikia.

Ukiongeza chembe 50 katika kila sentimita ya hewa ya Kampala, hakuna wingu litakalojua. Ukiziongeza kule, umebadilisha anga. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunasoma katika vyuo ambavyo Waislamu ni wachache, na pengine wewe ndiye Muislamu pekee katika kundi lenu la kazi ya darasani. Unadhani kumsainia mwenzako daftari la mahudhurio ni jambo la hewani tu, limepita. Unadhani kuahidi kuleta sehemu yako ya kazi Jumatano na kuileta Ijumaa jioni si kitu. Msikitini, katikati ya mamia, huenda kweli kosa hilo lingepotea machoni pa watu. Katika kundi lile la watu sita, wewe ndiye Uislamu wote waliowahi kuuona kwa karibu. Na kinyume chake ni kweli vilevile: yule binti anayerudisha shilingi alizozidishiwa kantini, bila kuhubiri chochote, ameacha kitu ambacho mihadhara yetu kumi haikiachi. Siwezi kuupima uzito wake. Najua tu kwamba mahali palipo na uchache, kimoja hakiwi kimoja.

Na hizo chembe chache za nchani zinatoka wapi, ikiwa hakuna viwanda wala barabara? Hapa ndipo nilipoishiwa na maneno niliposoma.

Zinatoka baharini, kwanza. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoelea juu ya maji ya bahari za kusini, hutoa gesi yenye salfa, na gesi hiyo hewani hugeuka kuwa chembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mawingu ya bahari inayoizunguka Antaktika huzidi matone, na hivyo huzidi weupe, majira ya joto viumbe hao wanapostawi. Lakini zinatoka pia kwenye kinyesi cha ndege. Ndiyo, kinyesi. Mwaka 2016 watafiti wa hewa ya Aktiki, upande wa Kanada, walieleza kwamba amonia inayopanda kutoka makoloni ya ndege wa baharini huungana na salfa ya baharini, zikazaliwa chembe mpya, na mawingu ya kiangazi yakawa meupe zaidi. Mwaka 2025 wengine wakaleta vipimo kutoka karibu na kituo cha Marambio, Antaktika. Upepo ulipovuma kutoka upande wa pengwini wapatao 60,000 waliokuwa umbali wa kilomita 8, amonia hewani ilipanda zaidi ya mara elfu moja. Pengwini walipohama mwisho wa msimu, ardhi waliyoichafua iliendelea kuitoa, bado zaidi ya mara mia moja ya kawaida.

Fungua Suratun-Nur. Aya ya 41 inawataja ndege waliokunjua mbawa zao, na kwamba kila mmoja ameijua sala yake na tasbihi yake. Aya mbili mbele, ya 43, inaeleza jinsi Allah anavyoyaswaga mawingu, akayakusanya, akayarundika. Nimekwisha kusema sitafunga aya kwenye karatasi ya utafiti, na sisemi kwamba hii ndiyo siri ya mpangilio huo. Nasema kwamba miaka yote nimezisoma aya hizo mbili kama picha mbili tofauti, na sasa siwezi tena. Ndege yule hajui kwamba anachokiacha jiwe jeusi la Antaktika linapanda mpaka mawinguni. Anakula, anatunza kinda lake, anamsabihi Mola wake kwa namna anayoijua yeye, na kivuli cha baridi kinatandazwa juu ya bahari. Wangapi kati yetu wameacha darsa la Alhamisi kwa sababu hawakuona "matokeo"?

Lakini ningekuwa nimewadanganya kama ningeishia hapo, kwa sababu sehemu ya pili ya habari hii ni nzito kuliko ya kwanza.

Weupe wa wingu unasaidia kupoza pale tu ambapo kuna jua la kurudisha, na pale ambapo chini yake ni cheusi. Juu ya bahari iliyo wazi, ambayo ni nyeusi na hunywa mwanga, wingu jeupe ni mwavuli. Juu ya barafu iliyojaa theluji, ambayo yenyewe ni nyeupe, kuliongezea wingu weupe hakubadilishi mengi. Na usiku wa nchani, ambao hudumu kwa wiki na miezi, hakuna jua kabisa. Hapo wingu linabaki na kazi moja: kuwa blanketi. Ardhi inatoa joto lake kwa miali isiyoonekana, wingu linalipokea na kulirudisha chini.

Kuna ndugu zetu wanaoishi chini ya anga hilo. Huko Inuvik, kaskazini ya mbali ya Kanada, upo msikiti uliojengwa mji mwingine na kusafirishwa kiasi cha kilomita 4,000 kwa lori kisha kwa tishari la mtoni, ukafunguliwa mwaka 2010. Majira ya baridi jua halichomozi kwao kwa wiki kadhaa, na majira ya joto halitui. Alfajiri yao ni mas-ala ya kifiqhi kabla haijawa saa.

Katika majira hayo ya giza ndipo moshi unapofika. Tangu miaka ya 1950 marubani waliokuwa wakiruka juu ya Aktiki waliona utando wa ukungu mchafu usio wa kawaida, mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa machipuo. Baadaye ikafahamika kwamba ni salfa na masizi ya viwanda na majiko ya mbali, sehemu kubwa kutoka Ulaya na Asia, umebebwa na pepo mpaka mahali ambapo hakuna aliyeuwasha. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti walichapisha vipimo vya kaskazini ya Alaska. Chembe hizi zinapoingia katika mawingu mepesi, matone huwa mengi na madogo, na blanketi lililokuwa na matundu linakazika. Joto linalorudi chini huongezeka kwa kiasi cha wati 3 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Unaweza kuona ni kidogo. Kwa barafu inayopaswa kuganda usiku kucha wa miezi, si kidogo.

Chembe ni ileile. Wingu ni lilelile. Mchana juu ya maji meusi linapoza, usiku juu ya barafu linatia joto.

Bi Aisha (r.a.) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipoliona wingu zito uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka, anakwenda mbele na kurudi, na mvua iliponyesha ndipo alipotulia. Watu wengine wakiona wingu hufurahi. Alipoulizwa, alikumbusha habari ya kaumu Aad, walioliona wingu likielekea mabonde yao wakasema hili linatuletea mvua, kumbe lilikuwa na upepo wa kuwaangamiza. Habari hiyo imo katika Suratul-Ahqaf. Mtazame Mtume wa Allah, aliyesamehewa yaliyotangulia na yajayo, hakulihukumu wingu kwa sura yake.

Sisi tunahukumu matendo yetu kwa mng'aro. Jambo lililong'aa ni jema: picha ya kugawa futari imepata wengi walioipenda, ukumbi ulijaa, bango lilikuwa zuri. Hakuna anayeuliza liliangukia nini. Sadaka ileile kwa mwenye njaa ni mwavuli, na kwa yule aliyepigwa picha mkono ukiwa umenyooshwa, kisha rafiki zake wa darasani wakaiona, imekuwa kitu kingine. Nasaha ileile ukimpa ndugu yako mkiwa wawili ni baridi kifuani mwake. Ukimpa katika kundi la simu lenye watu 200, umemchoma. Nia ni ya kwanza, na hilo hakuna anayelibishia. Ila baada ya nia, mtu mwenye fiqhi anaangalia pia mahali na wakati, na kilicho chini ya wingu lake.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo gumu zaidi kwangu. Tangu miaka ya 1980 Ulaya na Amerika Kaskazini walipunguza salfa ya viwanda vyao, na walifanya vizuri, kwa sababu ilikuwa inaua misitu kwa mvua ya tindikali na kuua watu kwa maradhi ya mapafu. Watafiti walipoangalia hesabu ya joto la Aktiki wakakuta sehemu ya ongezeko lake katika miongo iliyofuata inatokana na usafi huo. Ule uchafu, hesabu ya mwaka mzima ikijumlishwa, ulikuwa ukirudisha mwanga, wenyewe na kwa kuyafanya mawingu meupe zaidi, na hivyo ukificha sehemu ya joto ambalo gesi ya kaboni ilikuwa tayari inalilimbikiza. Ulipoondoka, deni likaonekana.

Wapo wanaotoa katika habari hii natija ya ajabu: basi tungeuacha moshi. Hayo ni maneno ya mtu aliyefunika jipu kwa nguo safi akaona amepona. Allah ni As-Sattiir, anasitiri, na kila mmoja wetu anatembea leo chini ya sitara yake. Tumekosea mihula miwili na hakuna aliyejua, matokeo yametoka mazuri, wazazi wamefurahi. Sitara hiyo ni muhula wa kurudi. Mwenye kuitumia kuendelea kukopa, siku itakapoondolewa hatakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu joto lote lilikuwa lake tangu mwanzo. Toba ni kupunguza kinacholimbikizwa. Na ikiwa mwanzo wa toba unauma, kama inavyomuuma anayeacha kunakili kazi za wengine na kupata alama zake mwenyewe kwa mara ya kwanza, maumivu hayo si dalili kwamba amekosea njia.

Kuhusu moshi wetu wenyewe, tuseme kweli. Plastiki tunazozichoma nyuma ya hosteli kila Jumamosi haziendi kukaza mawingu ya Alaska kwa kiasi cha kuhesabika. Zinaingia kifuani mwa mlinzi wa geti na watoto wa yule mama anayekaanga chapati upande wa pili wa ukuta. Nao ni jirani, na haki ya jirani hatuhitaji chombo cha kuipima. Jumuiya ina uwezo wa kukubaliana na mkusanyaji taka juma hili hili. Ni jambo dogo, na nadhani sasa neno hilo halitutulizi kama zamani.

Upepo ulipovuma kwa nguvu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuomba Allah kheri ya upepo huo, na kheri ya kilichomo ndani yake, na kheri ya kile ulichotumwa nacho, kisha akijikinga kwake na shari ya hayo matatu. Dua hiyo ameipokea Imam Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a.). Asiyeihifadhi amuombe ndugu yake amwandikie baada ya swala ya Ijumaa, na aisome upepo wa jioni utakapoanza kuinua vumbi uwanjani.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.